Aliyekwenda Mombasa Kuleta Hewa

Mambo ya alizaliwa wapi na babu yake alikuwa nani sitayagusa. Kijijini kwetu Kebirigo kuna watu wanaoyajua hayo, na watakueleza hata kama hukuwauliza. Mimi nitasema yale niliyoyashika kwa mikono yangu, maana kwa miaka saba mimi ndiye niliyekuwa nikishika kamba yake. Tulimwita Mzamiaji. Mzamiaji mwingine hakuwepo, si Nyamira, si Kisii, kwa hiyo hakuhitaji jina refu zaidi ya hilo.

Ziwa letu liko juu mlimani. Ni dogo, unaweza kulizunguka kabla uji haujapoa, lakini upande wa mwamba lina kina cha kutisha, na maji yake ni baridi hadi meno yanauma. Enzi hizo hakuna aliyeogelea humo. Tulichota kwa debe, tukajitwika, tukateremka nyumbani. Mtu mwenye akili zake angeingia humo kufanya nini?

Mzamiaji alirudi kutoka Mombasa miaka ile ya kwanza ya Uhuru. Huko alikuwa akisugua matumbo ya meli chini ya maji, na mzungu aliyekuwa mkubwa wake alipofunga virago kurudi kwao alimwachia vyombo vyote vya kazi: mtungi wa chuma wa kubeba mgongoni, mpira wa kupumulia, miwani mikubwa ya kufunika mpaka pua, na viatu vipana kama nyayo za bata. Wenzake walirudi na redio na baiskeli. Yeye alirudi na mtungi wa hewa. Mkewe aliutazama akauliza unapikiwa nini.

Shida ya mtungi ule ni kwamba hewa yake iliisha, na mashine ya kuujaza haikuwepo huku kwetu. Ilikuwepo Mombasa. Basi kila mwaka, wimbi likishavunwa, Mzamiaji aliufunga mtungi wake kwa blanketi, akapanda basi hadi Kisumu, akaingia gari moshi, siku mbili njiani, akajaza hewa, akarudi nayo. Kijiji kizima kilimcheka.

"Kwani hewa ya Kisii ina ubaya gani?" wazee walimuuliza.

"Haijashindiliwa," alijibu.

Wakatazamana. Mmoja akasema, "Tutaishindilia sisi, wewe tupe mchi tu."

Mara moja askari walisimamisha basi njiani wakipekua mizigo, wakafungua blanketi. Hadithi hii aliisimulia mwenyewe, tena kwa hasira, kwa sababu hakuona kinachochekesha.

"Humu mna nini?" askari akauliza.

"Hewa."

"Hewa ya nini?"

"Ya kupumua."

Askari akatazama juu, akatazama kushoto na kulia, akavuta pumzi ndefu. "Na hii yote iliyoko hapa nje, mzee, ni ya nini?"

Walimshusha, wakamweka saa nzima, na mwishowe wakamwachilia kwa huruma, wakimwambia kondakta amwangalie huyo mzee asije akateremka basi likienda.

Hewa ile aliitunza kuliko mboni ya jicho. Mtungi ulilala chini ya kitanda upande wa mkewe, kwa sababu upande wake mwenyewe paa lilivuja. Mkewe alisema wameolewa wake wawili nyumba moja, na mwenzake ni wa chuma na hasaidii kuchuma chai. Mtungi ukijaa ulitosha kumshusha chini mara nne, au tano kama hakuhangaika. Kwa hiyo alizamia mara nne au tano kwa mwaka, basi. Siku nyingine zote alikuwa mkulima wa kawaida mwenye majani chai robo eka na ndizi, ila alitembea polepole kuliko wengine. "Maji hayana haraka," alikuwa akisema. "Mwenye haraka ni wewe, na wewe ndiye utakayekufa." Neno hilo alilisema hata akiwa kwenye foleni ya kupimisha chai, ambako halikuhusu kitu, na waliokuwa nyuma yake walimzomea.

Sasa nikuambie kituko. Mtu huyu alichukia kulowa. Mvua ikianza Nyaramba yeye huku ameshaingia ndani. Kuoga kwake kulikuwa kwa maji moto, sufuria nzima, na mkewe akichelewa kuyachemsha alilala bila kuoga. Tukienda ziwani alibeba mwavuli, na kabla hajaingia majini alinikabidhi huo mwavuli na kuniambia niufungue, manyunyu yasije yakamlowesha kofia. Nilimwambia, "Babu, unakwenda kuzamia ziwa zima, unaogopa manyunyu?"

"Ziwa nimekubaliana nalo," alisema. "Mvua hainiulizi."

Samaki hakula. Majirani Wasabato wenzake walidhani ni mambo ya dini, wakamsifu kwa kuwa mkali kuliko Mambo ya Walawi. Haikuwa dini. "Nimeshatazamana nao," aliniambia. "Yule kambale wa kwenye mwamba ananijua. Nikimla nitamwambia nini mkewe?" Nilicheka mpaka kamba ikaniponyoka, akanigombeza siku tatu.

Labda unashangaa mwanamke kama mimi, mwalimu wa darasa la tatu, niliingiaje katika kazi ya kamba. Ni kwa ajili ya chinsoni. Kwetu haya si hisia tu, ni sheria, na jina lake ndilo hilo, chinsoni. Baba haonekani na mwanawe akiwa amevaa nusu, wala hamwoni mwanawe hivyo. Mkwe na mkwe ndiyo usiseme: mama mkwe na mume wa bintiye hawashikani mikono, hawatazamani usoni, wakikutana njiani mmoja huingia shambani mpaka mwenzake apite. Lakini babu na mjukuu hawana haya kati yao. Hao hutaniana watakavyo.

Na Mzamiaji alizamia akiwa na kaptura peke yake. Wanawe watatu, watu wazima wenye nguvu, hawakuweza kushika kamba. Wake zao ndio kabisa. Ndugu zake waliruhusiwa, ila waliogopa ziwa. Wazee wakahesabu ukoo huku na huku, wakakuta kwamba baba yangu, kwa hesabu ya mababu, ni "mwana" wake, ingawa walilingana umri. Mimi basi nikawa mjukuu. Tangu siku hiyo akaniita mke wake mdogo, mkewe akaniita mke mwenza, na kila wiki akanidai nimsaidie kuteka maji kwa kuwa tunagawana mume.

Kamba ilikuwa ya katani, na lugha yake ilikuwa fupi. Kuvuta mara moja, niko salama. Mara mbili, nilegezee. Mara tatu, nivute, tena upesi. Nilikaa juu ya jiwe, kamba mkononi na mwavuli begani, nikisahihisha madaftari ya hesabu huku mtu akitembea chini yangu. Mwaka wa kwanza niliogopa. Wa pili nilizoea. Kuanzia wa tatu nilikuwa nikimwonea wivu, maana akitoka uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka kusalimia ndugu zake.

Wazee walisema ziwa lile halina chini. Mzamiaji alisema chini ipo, ameikanyaga: urefu wa mikaratusi miwili, kuna tope laini, na kuna jembe la kizamani limelala upande. Hapo ndipo moyo wake ulipokuwa. Hakutaka sifa nyingine. Alitaka mtu mmoja tu, mtu wa kuaminika, aseme: kweli, huyu hushuka.

Hakumpata. Aliibuka na tope, wakasema tope hata mtoni lipo. Aliibuka na lile jembe, wakasema amelitoa ghalani kwake, na mkewe, Mungu amsamehe, akasema kweli linafanana na lake lililopotea. Adui yake mkubwa alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, mzee mnene mwenye kofia ya kahawia, aliyekuwa na maelezo yake tayari.

"Mtu yule hashuki popote," alisema mbele ya watu. "Anaingia, anapita chini kidogo, anajificha kwenye matete. Anakaa humo anapumua kama sisi, kisha anarudi. Hata bata anaweza."

Nilisema mimi ninashika kamba, ninaisikia ikienda chini. Mwenyekiti akacheka. "Wewe ni mke wake. Ushahidi wa mke haupokelewi." Baraza zima likaangua kicheko, na Mzamiaji naye akacheka, lakini nilimwona usiku haujaingia akienda nyumbani peke yake, na kofia ameishika mkononi. Iliniuma sana.

Ikaja harambee ya maji. Mabomba yatolewe ziwani hadi sokoni na shuleni, madebe yapumzike. Kamati ikatandaza bomba kwa kutumia chelezo cha migomba, ikalifunga mawe, ikalizamisha upande wa mwamba, urefu wa mkaratusi mmoja kwenda chini, ili lisivute majani. Mzamiaji alijitolea kulikagua. Mwenyekiti akamwambia kazi ya watu wazima haihitaji bata.

Siku ya kufungua, mlima ulijaa. Wasabato walikuja na kwaya, Wakatoliki wakaja na kwaya yao, na mkubwa mmoja alitoka wilayani, mtu wa pwani, mwenye suti ya kijivu. Na mbele kabisa, kwenye kiti alicholetewa, alikaa mama mkwe wa Mzamiaji. Nimtambulishe vizuri. Alikuwa bibi mrefu wa kijiji cha pili, mkavu, asiyecheka ovyo. Watu wakigombania mpaka wa shamba waliitwa mashahidi kumi, halafu aliitwa yeye, na neno lake ndilo lililoondoka na kesi. Hata mwenyekiti alivua kofia akipita kwake. Alikuwa amepanda mlima tangu alfajiri kwa fimbo yake, kuona maji yakitoka kwenye chuma.

Mchungaji akaomba, katekista akaomba, mwenyekiti akahutubia, kisha akafungua koki. Koki ikakohoa. Ikatema chura mmoja mdogo, ikanyamaza.

Kisha kijana mmoja wa kamati akasema kwa sauti ndogo, "Mwenyekiti, lile gunia tulilofunga mdomoni mwa bomba ili vyura wasiingie... nani alilifungua?"

Hakuna aliyelifungua. Walikuwa wamelizamisha bomba na gunia lake.

Macho yote yakamgeukia Mzamiaji. Alikuwa amesimama nyuma, suti yake ya Sabato mwilini, na pembeni yake mtungi kwenye blanketi, kwa sababu aliubeba kila mahali penye maji, huwezi kujua. Nilimwona anavyopumua. Hii ndiyo siku aliyoingoja miaka yote, watu wote wapo, mkubwa yupo, mwenyekiti yupo. Akaja mpaka ukingoni. Akashika kifungo cha koti. Akasimama.

"Siwezi," akasema.

Mwenyekiti akapumua kwa furaha. Mkubwa wa wilaya akasema, "Vipi tena, mzee? Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga."

"Bwana Mkubwa," katekista akamjibu polepole, "hapo kwenye kuvua nguo ndipo penye tatizo. Mama mkwe wake yupo."

"Si asogee kidogo?"

Watu waliguna. Nani atamwambia bibi yule asogee? Kumwondoa peke yake ni kumtaja, na kumtaja ni kumvua nguo mkwewe kabla hajavua mwenyewe. Tena kulikuwa na wake watatu wa wanawe, na watoto wa ndugu zake, wote hao. Wakajadiliana, jua likipanda. Mwisho mchungaji akapata jibu: wote wageuke. Kila mtu, mkubwa kwa mdogo, aligeuzie ziwa mgongo, atazame bondeni, na waimbe ili wasichoke.

Wakageuka. Mkubwa wa wilaya naye akageuka, na suti yake. Wasabato wakaanza wimbo wao, Wakatoliki wakaanza wao, kila kwaya ikipandisha sauti isizidiwe na nyingine. Mzamiaji akavua, akajitwika mtungi, akanitazama.

"Hewa ni ya mwaka jana," akaninong'oneza. "Iko kidogo."

"Basi usishuke, babu."

"Leo?" akasema, akaingia.

Kamba ikaenda. Nilihesabu pima zake kwa vidole. Ikasimama. Ikavutwa mara moja: niko salama. Kisha hakuna kitu. Kwaya zikamaliza ubeti wa pili. Hakuna kitu. Nilitaka kupiga kelele, lakini nikipiga kelele watageuka, na wakigeuka watamkuta vile alivyo, na huyo bora afe kuliko aonekane. Nilikuwa nimebanwa na chinsoni kama aliye kati ya mlango na ukuta. Nilimwogopea kwelikweli, nikalia bila sauti.

Ikavutwa mara tatu.

Nilivuta. Hakuna wa kunisaidia, maana kila mwenye nguvu mlimani pale alikuwa mwanawe kwa hesabu fulani. Niliizungusha kamba kwenye kisiki, nikaegemeza mguu kwenye jiwe, nikavuta mpaka viganja vikachubuka. Akatokea, midomo ya samawati, mtungi mtupu, kisu mkononi. Akaokota nguo zake, akakimbilia kwenye matete kuvaa.

Wakati huohuo koki ikanguruma, na maji yakaruka yakampiga mwenyekiti kifuani. Haleluya! Watu wote wakageukia koki. Hakuna aliyegeukia ziwa. Wasabato walisema ni maombi ya mchungaji, Wakatoliki wakasema wimbo wao ndio uliomaliza wa mwisho. Gunia likaibuka, likaelea. "Limeoza, limeachia lenyewe," mwenyekiti akasema, gunia la wiki moja! Kisha akaonyesha kwa kidole.

"Na bata wetu yule pale. Yuko wapi? Si mnamwona? Kwenye matete!"

Kweli alikuwa humo, akifunga tai.

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, nikawaonyesha viganja vyangu, wakasema mke mdogo anampenda mumewe. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake, uso bondeni, hakusema lolote.

Mwaka ule wimbi lilivunwa, na Mzamiaji hakwenda Mombasa. Wala uliofuata. Aliponijulia hali, hakutaja ziwa. Kila asubuhi alikunywa uji wa maji ya bomba lile, na watu wakamwita Bata mbele ya wajukuu zake.

Mimi niliolewa upande wa Ogembo, nikahamia huko na kazi yangu. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini niliporudi kumwona mama, nikasikia mama mkwe wa Mzamiaji ananiita. Nilimkuta kitandani, mwepesi, macho yake bado makali. Alinipa ujumbe nimpelekee mkwewe, akisema ni mimi tu ninayeweza kuubeba, kwa kuwa sina haya kwake wala kwa mkwewe. Alipomaliza kunieleza akacheka. Sikuwahi kumwona akicheka. Alicheka mpaka akakohoa, nikampa maji.

Nilimkuta Mzamiaji uani, juani, sweta mbili mwilini, akipukuchua mahindi. Alikuwa amezeeka.

"Mke mdogo," akasema. "Ogembo wanakulisha?"

"Wananilisha. Nina ujumbe kwako kutoka kwa mama mkwe."

Mikono ikasimama. Alikaa vizuri, akafunga vifungo vya sweta kana kwamba bibi mwenyewe ameingia uani. "Sema."

"Anasema: siku ile ya bomba kaptura yako ilikuwa imechanika nyuma. Mkeo alipaswa kuishona."

Hakusogea. Kuku alikuja akala mahindi mkononi mwake.

"Imechanika wapi?" akauliza.

"Upande wa kushoto. Kidogo chini ya mshipi."

"Ilichanika palepale," akasema taratibu. "Nilipopita kwenye kisiki, kabla sijaingia. Hata mke wangu sikumwambia. Niliishona mwenyewe." Akafunika uso kwa mikono miwili. "Oo baba yangu! Aibu gani hii? Aligeuka?"

"Anasema macho hayana pazia. Anasema alikupa binti yake, na kama unakufa humo alitaka awe wa kwanza kujua. Alikuona ukishuka. Alitazama maji muda wote, akaona ukivutwa, akaona kisu. Alinyamaza kwa sababu akisema aliona umeshuka, ataulizwa aliona nini kingine. Sasa anakwenda, na hataki kwenda nalo."

Mzee yule alilia. Mabega yalikuwa yakitikisika, na sikujua ni kilio au kicheko, mpaka alipoondoa mikono nikaona ni vyote viwili. Nilimwambia hatuwezi kumpelekea mwenyekiti habari hii, tutamwaibisha bibi wa watu.

"Mwenyekiti wa nini?" akasema. Akajipangusa kwa mkono wa sweta, akasukuma ungo wa mahindi pembeni, akanisogezea kigoda.

"Kaa hapa," akasema. "Hebu uniambie tena. Anza pale alipoona nikishuka."

Nikamwambia tena. Akaniomba mara ya tatu, polepole, na hapo kwenye kaptura nisiruke.